Namba Zilizofichwa Chini ya Rangi ya Fedha

Hapo zamani, si zile za kale za fisi na sungura bali juzijuzi tu, kabla wengi wenu hamjazaliwa, palikuwa na mvulana aliyeishi kwenye mteremko wa vilima vya Kilungu, juu ya barabara inayopanda kutoka Salama kwenda Nunguni. Tumwite Mutua. Hadithi yake nimeitunga mwenyewe, lakini yaliyompata yamewapata watu wengi wa kweli, kwa hiyo tegeni masikio.

Asubuhi moja susu wake, yaani bibi yake, alimpa noti ya shilingi mia moja. "Mwana wakwa," alimwambia, "shuka sokoni uniletee kadi ya simu ya mia. Nataka kuongea na mjomba wako aliye Mombasa. Usiikwangue njiani. Niletee nzima."

Ninyi mnaonunua kredo kwa M-Pesa pengine hamjazishika sana kadi hizo. Ilikuwa karatasi ngumu, ndogo kuliko kiganja cha mtoto. Upande mmoja uliandikwa bei. Upande wa pili ulikuwa na ukanda wa rangi ya fedha, na chini ya ukanda huo zilijificha tarakimu kumi na sita. Ulikwangua kwa sarafu au kwa ukucha, unga wa kijivu ukabaki umenasa chini ya kucha hadi jioni. Kisha ulibonyeza nyota, 141, nyota tena, tarakimu zote kumi na sita bila kukosea hata moja, na mwisho alama ya reli. Ukisubiri kidogo, simu ilikujibu kwamba kredo imeingia. Wengine walikwangua kwa pupa mpaka wakafuta namba yenyewe, wakabaki kubishana kama ile ni 3 au 8.

Mutua alifika dukani, akalipa, akapewa kadi. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusoma vizuri, na alitaka kumwonyesha susu kwamba anaweza. Akaikwangua palepale kwenye kaunta kwa sarafu ya shilingi tano. Halafu, ili namba zisimpotee kichwani, akazisoma kwa sauti, nne nne, kama wimbo wa shule. Pembeni yake alisimama mwanamume mmoja ameshika simu, kama mtu anayesoma ujumbe wake.

Alipofika nyumbani, susu aliingiza zile tarakimu polepole, akibonyeza kwa kidole gumba. Jibu lilirudi upesi: kadi hii imeshatumika. Akajaribu tena. Jibu likawa lilelile. Akajifunga leso, akateremka mwenyewe mpaka dukani, na mwenye duka akamweleza kwa upole kwamba kadi iliondoka pale ikiwa salama na imelipiwa. Yule mwanamume alikuwa ameshakwenda zake, na hakuna aliyemjua.

Sasa nawauliza, nani aliibiwa na nini kiliibiwa? Kadi yenyewe ilikuwa bado mkononi mwa Mutua. Hakuna mfuko uliochanwa wala mlango uliovunjwa. Kilichochukuliwa ni namba, na namba ndiyo iliyokuwa pesa. Hati ya shamba ina jina la mwenyewe. Kitabu cha benki kina jina. Kadi ile haikuwa na jina la susu wala la Mutua, na mitambo ya kampuni ya simu haikuwa na njia ya kujua nani alitoa noti ya mia. Ilimtambua mtu mmoja tu, aliyeingiza tarakimu kumi na sita wa kwanza.

Shikeni jambo hilo vizuri, maana kadi za zawadi mnazoziona leo katika supamaketi za Nairobi, au zile ambazo jamaa zetu walio Marekani huwanunulia watoto, ni ukoo mmoja na kadi ya Mutua. Sura yake inapendeza zaidi, ya plastiki, ina utepe na picha ya keki. Nyuma yake kuna ukanda uleule wa kukwangua na namba zilezile zisizo na mwenyewe.

Kadi za namna hii zilianza kuonekana Marekani katikati ya miaka ya 1990. Kabla ya hapo maduka makubwa yaliuza vyeti vya karatasi: unalipa leo, unampa rafiki cheti, naye anakwenda kuchukua bidhaa siku anayotaka. Mojawapo ya kampuni za kwanza kugeuza karatasi hiyo kuwa plastiki ni Blockbuster, iliyokuwa ikikodisha kanda za video katika maelfu ya maduka. Mwaka 2010 Blockbuster hiyohiyo iliishiwa, ikaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Nimeitaja kwa sababu inatufikisha kwenye hatari ya pili, ambayo naiona kubwa kuliko ile ya kwanza ya kuibiwa namba, na ambayo watu huizungumzia kwa nadra.

Nitawafananishia na mwethya. Babu na bibi zenu walichimba mitaro ya fanya juu katika vilima hivi kwa zamu: leo shamba lako, kesho la jirani, wiki ijayo la mjane wa ng'ambo ya bonde. Unaposhika jembe katika shamba la mwenzio hulipwi hata senti. Unalipwa ahadi kwamba zamu yako ikifika nao watakuja. Kikundi kikiwa imara, ahadi hiyo ni mali. Kikivunjika kabla ya zamu yako, jasho lako limebaki katika shamba la mwingine, na huwezi kuuzoa udongo ule ukaurudisha kwako.

Mtu anayenunua vocha ya supamaketi amefanya vivyo hivyo. Ametoa pesa taslimu, akapewa ahadi. Tangu dakika ile mpaka siku vocha itakapotumika, mwenye duka ana pesa yake mfukoni na bidhaa zake rafuni, vyote viwili. Waswahili wamesema ahadi ni deni. Basi aliyenunua vocha ni mtu aliyekopesha duka, hata kama hakuna aliyemwambia hivyo.

Je, duka kubwa linaweza kufa? Hapa kwetu Kenya tumeliona likifa, tena lililokuwa kubwa kuliko yote. Nakumatt ilianza Nakuru kama duka la magodoro, biashara ya familia ya Shah, na jina lake limetokana na mji huo na magodoro hayo. Ilikua mpaka ikawa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Nembo yake ilikuwa ndovu. Baadhi ya matawi yake hayakufungwa usiku wala mchana, na kwa familia nyingi za Nairobi kwenda Nakumatt Jumamosi ilikuwa matembezi. Iliuza vocha za zawadi, na wateja walikuwa na kadi ya kukusanya alama kila waliponunua. Waajiri waliwapa wafanyakazi vocha za Krismasi, na mtu alirudi kijijini na unga, mafuta ya kupikia, sukari na blanketi alivyonunua kwa karatasi ile.

Mwaka 2017 rafu zilianza kubaki tupu. Wauzaji wa maziwa, mkate na sabuni hawakuwa wamelipwa, wakaacha kuleta. Ungeingia ukakuta rafu ndefu imepangwa chupa za maji za aina moja tu ili isionekane tupu. Januari 2018 mahakama iliiweka kampuni chini ya msimamizi. Madeni yake yalizidi shilingi bilioni 30. Miaka miwili baadaye, Januari 2020, wadai walipiga kura ifungwe kabisa. Ndovu akaanguka.

Kampuni inapokufa, watu wanaoidai hupangwa foleni, na foleni hiyo imewekwa na sheria. Mbele husimama aliyekopesha akashika dhamana, kwa kawaida benki. Hufuata gharama za kuisimamia kampuni yenyewe, mishahara ya wafanyakazi na kodi ya serikali. Nyuma kabisa wanasimama wale wasio na dhamana yoyote, mwenye maziwa, mwenye mkate, na pamoja nao mtu aliyeshika vocha ya shilingi elfu mbili aliyopewa na bosi wake. Pesa ikiisha kabla ya kuwafikia, hakuna wa kumlilia. Hebu fikiria mama ambaye alikuwa ameihifadhi vocha yake ndani ya Biblia, akisubiri Januari ya kununua sare za shule. Hakuipoteza, wala panya hakuigusa, na namba zake hakuna aliyeziona. Vocha ilikuwa nzima, duka ndilo lililokuwa limekufa.

Nakumatt haikuwa peke yake. Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975 na serikali ikiwa na hisa, ilifunga milango yake yote mwaka 2006, ikafufuliwa, kisha mwaka 2015 ikafunga matawi yote ya Uganda na Tanzania huku ikiendelea kudhoofika hapa nyumbani. Tuskys nayo ilianza kuporomoka mwaka 2020. Majina hayo matatu yalikuwa kwenye mifuko ya plastiki ya kila nyumba nilipokuwa naanza kuandika. Kwa hiyo mtu akiniambia duka fulani ni kubwa mno haliwezi kuanguka, namsikiliza kwa heshima, halafu namshauri atumie vocha yake wiki hiyohiyo.

Msidhani ni maduka tu. Hata noti ni ahadi, na ahadi hiyo inaweza kuwekewa siku ya mwisho. Tarehe 1 Juni 2019, siku ya Madaraka, iliyoadhimishwa Narok, Gavana wa Benki Kuu ya Kenya alitangaza kwamba noti ya zamani ya shilingi elfu moja itakoma kutumika baada ya Septemba 30 mwaka huohuo. Watu walipewa miezi minne kuirudisha benki. Wengi walirudisha. Siku ilipopita ikaonekana noti zaidi ya milioni saba, zenye thamani ya takriban shilingi bilioni 7.4, hazikurudi. Kuna zilizokuwa za wezi walioogopa kuulizwa walikozitoa. Lakini sina shaka kwamba zimo pia za wazee waliozificha ghalani chini ya mbaazi, wasiokuwa na mtu wa kuwasomea tangazo. Noti hizo zikabaki karatasi.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika nanyi, watoto wa Kilungu, kwa sababu katika nyumba nyingi za huku ninyi ndio macho. Susu ana simu, lakini ujumbe unasomwa na mjukuu wa gredi ya sita. Umau, yaani babu, ana kadi, lakini anayekumbuka namba ya siri ni msichana aliyerudi likizo kutoka bweni. Mnabeba pesa za watu wazima bila kuzigusa.

Katika kaunti za Makueni na Kitui hilo si jambo la kufikirika. Miaka kama kumi iliyopita ulikuja mradi wa nafaka uliofadhiliwa na Serikali ya Kenya, Umoja wa Ulaya na shirika la Umoja wa Mataifa la IFAD, ukawapa wakulima wadogo kadi za Benki ya Equity zilizotiwa pesa ya pembejeo. Mkulima alichangia sehemu yake, mradi ukaongeza nyingine, naye akaenda na kadi kwa agroveti aliyesajiliwa kuchukua mbegu na mbolea. Ulikuwa mpango mzuri, na ninausifu: mkulima alichagua duka mwenyewe badala ya kungoja lori. Lakini kadi ya namna ile ina namba ya siri ya tarakimu nne. Mzee asiyeona vizuri atamwambia nani amsaidie kuibonyeza? Akiiacha kadi dukani na namba yake imeandikwa kwa kalamu mgongoni, kinachomlinda ni uaminifu wa mtu mmoja tu, basi. Mwenye duka anaweza kuwa mwaminifu. Kijana anayemsaidia mwenye duka siku ya Jumapili, je?

Baadaye vocha ikaacha hata kuwa kadi. Serikali ilipoanza kutoa mbolea ya ruzuku kwa wakulima waliosajiliwa, kwa shilingi 3,500 gunia la kilo hamsini mwaka 2022 na kisha 2,500 mwaka 2023, mkulima alipokea ujumbe mfupi wenye namba, akaenda nao kwenye ghala kununua kwa bei hiyo. Ujumbe huo ukifutwa kwa bahati mbaya na mtoto aliyekuwa akitafuta nafasi ya kuweka mchezo, au namba ikisomwa kwa sauti katika kibanda cha boda boda, tumerudi kwenye kaunta ya Mutua, ila safari hii kinachopotea si kredo ya mia bali bei nafuu ya mbolea ya msimu mzima.

Basi mkiwa macho ya nyumba, kuna mazoea ambayo ningependa muwe nayo. Namba ya siri ya susu haisomwi kwa sauti, na haiandikwi kwenye kadi wala kwenye ganda la simu. Mfundisheni aikumbuke mwenyewe, hata ikichukua wiki nzima. Mkisoma ujumbe wenye namba, mwonyesheni kwanza, ndipo mguse kitu kingine chochote kwenye simu hiyo. Na vocha yoyote ikiingia nyumbani, geuzeni nyuma mtafute tarehe. Huandikwa kwa herufi ndogo sana, ndogo kuliko bei na ndogo kuliko pongezi, na ni ninyi tu katika nyumba hiyo mnaoweza kuisoma bila miwani.

Kuna hatari ya tatu, nayo ina sauti ya binadamu.

Huko Marekani, ambako Wakenya wengi wanafanya kazi ya kutunza wagonjwa na wazee, simu hulia na mtu anajitambulisha kuwa ofisa wa kodi, au polisi, au mjukuu aliyekamatwa. Anasema unadaiwa na utafungwa leo jioni usipolipa. Halafu anatoa maagizo ya ajabu: nenda dukani, nunua kadi za zawadi, kwangua, nisomee namba za nyuma. Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliripoti kwamba kwa mwaka 2023 pekee watu waliolalamika walikuwa wamepoteza takriban dola milioni 217 kupitia kadi za zawadi, na kila mwaka inarudia kuwaonya watu kwamba hakuna ofisi ya serikali inayopokea malipo kwa kadi ya zawadi. Kwa nini tapeli anataka kadi badala ya kutumiwa pesa benki? Kwa sababu mnayoijua tangu mwanzo wa hadithi. Kadi haina jina. Namba ikishasomwa, pesa imeondoka, na hakuna alama ya nyayo.

Huku kwetu tapeli huyo amevaa nguo nyingine. M-Pesa ilianza Machi 2007, na ujanja ukaifuata. Susu anapokea ujumbe kwamba ametumiwa shilingi 3,500. Kabla hajavuta pumzi simu inalia. Mwanamke analia machozi: "Mama, nimetuma kwa makosa, ni pesa ya hospitali ya mtoto, tafadhali nirudishie." Susu ana huruma, na huruma hiyo ndiyo inayowindwa. Chukueni simu mkaangalie ujumbe umetoka wapi. Ujumbe wa kweli hutoka kwa jina MPESA, si kwa namba ya kawaida inayoanza na sufuri saba. Kisha angalieni salio. Mara nyingi pesa haipo, ni maandishi tu yaliyoigizwa.

Na kama ipo kweli? Hata hivyo msirudishe kwa mkono wenu. Aliyekosea kweli anaweza kuupeleka ujumbe wake kwa 456 akaomba muamala ubatilishwe, na Safaricom itaushughulikia. Ninyi mkimtumia, naye akabatilisha ule wake, susu atakuwa amelipa mara mbili. Mwambieni anayepiga, kwa adabu, "Mama, pole sana, tafadhali wapigie Safaricom, pesa hatujaigusa." Mkweli atashukuru. Tapeli ataanza kutukana, na matusi yake yatawatoa shaka yote.

Sasa nije kwenye yale yanayowahusu ninyi zaidi kuliko wazee. Najua kuna wanaocheza Free Fire na wanaotaka almasi zake, na kuna wanaotamani kununua vitu kwenye Roblox. Katika makundi ya simu hutokea mtu anayesema, nipe namba ya kadi yako nikuzidishie mara mbili, au nipe neno la siri la akaunti nikuwekee almasi bure. Ombi hilo ni lilelile la mtu aliyesimama kando ya kaunta, ila huyu hana haja ya kusubiri usome kwa bahati mbaya. Anakuomba usome. Hakuna kampuni ya mchezo inayozidisha kadi. Na ukishampa neno la siri, anabadilisha kila kitu dakika hiyohiyo, unabaki nje ya akaunti uliyoijenga miaka miwili. Ikikutokea, mwambie mzazi siku hiyohiyo, usingoje kwa sababu ya aibu. Kadri unavyokaa kimya ndivyo tapeli anavyopata muda wa kumwendea mwenzako kwa jina lako, na rafiki yako ataamini kwa sababu ni wewe.

Tena kuna hasara isiyo na mwizi kabisa, na hii huwaliza watoto wanaopendwa. Shangazi aliye Texas anasimama dukani, anaona kadi nzuri ya Apple au ya Google Play, anailipia dola 25, anaipiga picha na kuituma. Mtoto anaingiza namba kwa furaha. Simu inakataa. Kadi hizo hufungwa kwa nchi: iliyouzwa Marekani hufunguka kwenye akaunti ya Marekani, si kwenye ya Kenya. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inasema pesa iliyo kwenye kadi ya zawadi isikome kabla ya miaka mitano, na hilo ni jema, lakini miaka mitano haisaidii kitu mlangoni ambapo ufunguo hauingii. Na kumbukeni kwamba picha ile ya kadi imepita katika simu mbili. Yeyote anayefungua mojawapo ya simu hizo anaiona namba.

Kuna na jingine. Kadi zinazoning'inia kwenye waya karibu na keshia hazina pesa ndani. Zimelala. Huamshwa pale keshia anapoipitisha na kupokea malipo, na risiti ndiyo ushahidi pekee kwamba iliamshwa. Wapo wezi wanaokwenda mapema, wakakwangua kwa ujanja, wakanakili namba, wakabandika ukanda mpya juu, kisha wakasubiri mtu aje ailipie. Kwa hiyo anayenunua apitishe kidole juu ya ukanda ule. Ukiwa na mikunjo, ukinata, au ukionekana umepandishwa juu ya mwingine, aiache hapohapo achukue ya nyuma kabisa.

Na kadi ikipotea kabisa? Kama ni vocha ya karatasi na namba yake ya nje hamkuiandika popote, imekwenda kama noti iliyoanguka kutoka kwenye matatu. Lakini mkiwa na risiti, na mkiwa mmenakili ile namba ya mfululizo iliyochapishwa wazi, ambayo si ile ya siri, kampuni inaweza kuangalia kama imeshatumika na wakati mwingine kuizuia. Hata wale waliofuta tarakimu kwa kukwangua kwa nguvu walisaidiwa kwa namba hiyo ya mfululizo, mradi hawakuitupa kadi kwa hasira.

Najua mtaniuliza, sasa tukatae zawadi? La, hasha. Zawadi haikataliwi. Shangazi akipiga simu Jumapili baada ya kanisa na kuuliza, "Nikutumie kadi gani ya siku yako ya kuzaliwa?" mjibuni kwa upendo, mkiwa mmejiandaa. "Shangazi, asante sana. Kadi za huko huku hazifunguki. Ukiweza, tuma kwenye simu ya susu. Hakikisha namba na jina lake kabla hujatuma. Nitakwenda naye Nunguni tununue miche miwili ya parachichi na kiatu, na nitakupigia picha." Kama anaona raha zaidi kununua kadi ya supamaketi ya Nairobi wakati wa likizo yake, ni sawa pia. Amwombe keshia risiti, aitunze yeye, na asiitupe mpaka mtakapompigia kumwambia kwamba mmeshanunua na salio limebaki ngapi.